Siku moja maishani mwangu: steshenari mchana, galaksi alfajiri

Saa 10 alfajiri. Bando langu la usiku linakata saa 12, kwa hiyo Tanga imelala na mimi niko macho. Nafungua picha za anga za Sloan, mradi wa kupiga picha za anga, zilizopigwa kwa darubini yenye kioo cha mita 2.5 kule New Mexico. Najitolea kuzikagua, natafuta kitu chochote kisichofanana na galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota. Mara nyingi ni takataka tu, mchirizi wa setilaiti au mwanga wa nyota kali uliotapakaa.

Leo kuna vidoti vitatu kwenye mstari: kijani, chekundu, buluu. Mgeni angevipita tu. Hiyo ni asteroidi, jiwe linalozunguka Jua. Kamera ilipiga kila rangi kwa zamu, na katika dakika hizo chache jiwe lilikuwa limeshasogea.

Saa 2 nafungua duka. Kopi, kuskani vyeti, barua za kazi, mpaka adhuhuri.

Saa 8 anaingia mzee mmoja na barua ya kuomba kiwanja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiwe kijana wa nyota?"

Anavuta kiti, ananitajia jina lake na la mama yake, nimtazamie nyota. Namwambia mzee wangu, mimi sipigi ramli, naangalia galaksi.

"Unalipwa ngapi?"

"Silipwi."

"Na mamako anajua?"

Wanafunzi wenye kopi zao wamejaa mlangoni, wanacheka. Mzee habanduki. Nampa habari za Hanny van Arkel, mwalimu wa Uholanzi. Mwaka 2007 aliona doa la buluu kando ya galaksi IC 2497, akauliza ni nini, na wataalamu hawakuwa na jibu. Baadaye ikaonekana ni wingu kubwa mno la gesi, na jina lake likabandikwa hapo.

Mzee anafikiri sana. "Hati yake anayo?"

Barua nimeichapa mara tatu, kila mara anaongeza jirani wa mpakani.

Usiku sijui ni saa ngapi, macho yanawasha. Kuna kidoti cha kijani nilikiweka kando tangu juzi. Huenda ni njegere, zile galaksi ndogo zinazozaa nyota kwa kasi, ambazo wajitoleaji kama sisi walizikusanya hadi zikaandikiwa makala ya kisayansi mwaka 2009. Nafungua spektra, mchoro wa mwanga wake uliochambuliwa rangi kwa rangi. Inachukua muda kufunguka. Mstari wa oksijeni umesimama juu kuliko yote, ndiyo yenyewe! Natafuta kwenye orodha.

Imeshaandikwa zamani. Nafungua picha nyingine.