Nilivyoufuata mpaka wa kitalu cha paa cha Lyndhurst

Kitalu cha paa ni eneo la zama za kati lililozungushiwa uzio, walimofugwa wanyama paa wa kuwindwa; mpaka wake ni tuta la udongo na mtaro. Kwenye tuta la kale, kwanza natazama mtaro uko upande gani. Ngome huchimbiwa mtaro nje kumzuia adui. Msitu wa mbao wa zama za kati nao mtaro wake uko nje, mifugo isiingie kula machipukizi. Kitalu cha paa cha Uingereza ni kinyume: mtaro ndani, tuta nje, na juu yake uzio wa mbao za mwaloni zilizopasuliwa. Paa aliye ndani alilazimika kuruka akitokea shimoni, kwa hiyo uzio wa kimo cha kawaida ulimshinda.

Mpaka wa Lyndhurst, kijiji kilicho ndani ya New Forest, msitu wa kusini mwa Uingereza, niliutafuta kwanza kwenye kompyuta. Data ya lida (vipimo vya ardhi kwa miale ya leza kutoka kwenye ndege) ya serikali, ya kila mita 1, hupatikana bure. Chagua iliyoondolewa miti, la sivyo utaona majani tu. Katika QGIS, programu ya ramani, nilitengeneza picha ya vivuli, mwanga ukitoka nyuzi 315, yaani kaskazini-magharibi. Kasoro yake ni kwamba tuta lililolala kutoka kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki hulingana na mwanga na kupotea kabisa. Nikatengeneza ya pili kwa nyuzi 45 (kaskazini-mashariki), mwanga ukiwa chini, nyuzi 25 hivi juu ya upeo wa macho, maana tuta lililosagika halitoi kivuli jua likiwa juu. Nilitafuta mstari mrefu uliopinda bila kona kali, kwa kuwa umbo la mviringo huzunguka eneo kubwa kwa uzio mfupi.

Uwandani nenda Februari, makangaga yakiwa yamelala. Nilivuta kamba iliyosawazishwa kukata tuta na mtaro, nikaanza mita 5 nje na kuishia mita 5 ndani, nikipima kina kila sentimita 50. Epuka penye njia ya farasi, kwani kwato hubomoa tuta.

Linalopoteza wengi ni mtaro uliojaa udongo ulioporomoka. Rudi baada ya mvua: maji yaliyotuama na nyasi za majimaji huonyesha ulipopita. Jihadhari pia na matuta ya mashamba ya miti ya karne ya 18 na 19. Yamenyooka, kingo zake bado kali, na mtaro uko nje.

Usichimbe kuthibitisha. Sehemu zikilindwa kama kumbukumbu ya kale, sheria ya Uingereza ya 1979 inakataza hata kitambua-metali bila kibali.