Fidla, boksi la biskuti na mchezo wa ukuti

Mie nakaa Unguja, fidla nilijifunza ukubwani kwa mjomba wangu aliyekuwa akipigia taarab, kwa hiyo nilipoanza kufundisha watoto wa pale mtaani nikajua kazi rahisi tu, mtu ukijua kupiga si unajua kufundisha, kumbe wapi! (Wenzetu wa bara wanasema vayolini, huku ni fidla, msishangae.)

Kwanza nilichemka kwenye saizi. Nilikuwa na fidla moja, ya mtu mzima, nikampa mtoto wa jirani wa miaka 7. Masikini, mkono umenyooka kama anachuma embe, bega limepanda sikioni, dakika kumi tu analia. Mjomba akanambia we mwehu nini, fidla inapimwa kama nguo. Mtoto anaiweka begani, ananyoosha mkono wa kushoto, kile kichwa kilichojikunja kama konokono kikikaa kiganjani na vidole vikakizunguka bila kujivuta basi ndo yake. Huyu wangu ikaja kuwa robo, na robo ni jina tu la saizi, msije mkategemea kitu cha urefu wa kijiko kama nilivyotegemea mie.

Wakati tunasubiri robo ije na boti kutoka Dar sikuwarudisha nyumbani. Boksi la biskuti ndo fidla, rula ya mbao imebanwa na selotepu, upinde wa kupigia ni kijiti, wiki tatu tunajifunza kusimama na kushika tu. Mwanzo wote wanashika upinde kama mwiko wa ugali, ngumi nzima! Unawakunja kidole gumba, kile cha mwisho unakiweka juu ya kijiti, ukigeuka ngumi imerudi.

Halafu noti za muziki. Nilizichora ubaoni, wakasinzia macho wazi. Baadae ndo nikaja kujua kuna Mjapani, Shinichi Suzuki, yeye alifundisha kwamba mtoto ajifunze muziki kama anavyojifunza lugha ya mamake, asikie kwanza, kusoma baadae. Nikafuta ubao. Nikaanza na kasida wanazozijua madrasa, mama mmoja akaja kwa upole kabisa, mwalimu, kasida kwenye fidla roho yangu haitaki. Sikubishana. Nikahamia mchezo wa ukuti, wanazunguka duara wanaimba mpaka wachoke, ndo tunautafuta kwenye nyuzi, na mtu akikosea mwenyewe anakunja uso kabla sijasema kitu.

Siku moja binti mmoja kachukua fidla ya mjomba, kila akipiga nyuzi mbili nyembamba wimbo unapinda, anataka kulia. Kumbe mzee kaitegesha kiarabu, nyuzi nne zinalia sol re sol re, na ya watoto ni sol re la mi! Mzee kacheka mpaka kakohoa.

Masika ndo yananitesa hadi leo, unyevu ukizidi vile vigingi vya mbao vya kukazia nyuzi vinavimba vinagoma kuzunguka, na mie kwa papara nilikaza uzi wa mi mbele ya watoto, ukakatika pwaa ukanichapa shavuni. Siku hizi nikikaza tu wanarudi nyuma wote, na yule wa robo anajifunika uso na boksi lake la biskuti, bado analo.