Boriti, wembe na seli zinazojiua

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana imenikuta macho, natazama dari. Boriti za mkoko alizozipanga babu bado zimebeba nyumba yetu ya Lamu. Leo nawafundisha Kidato cha Tatu kwamba baadhi ya seli za mmea hujiua kwa mpango ulio ndani ya jeni zao, na nataka waone wenyewe.

Saa moja asubuhi. Sokoni: mchicha fungu moja, wembe, rangi nyekundu ya chakula. Nafika shuleni natumbukiza mashina kwenye maji mekundu.

Saa nne. Nakata shina jembamba kama ganda la kitunguu, naliweka chini ya hadubini. Wanapokezana kuchungulia.

"Mwalimu, mbona ni matundu?"

Matundu kweli, kuta zake nyekundu, ndani hamna kitu. Hapo palikuwa na seli hai. Kwanza ilijijengea ukuta mgumu. Kisha vakuoli, ule mfuko wake wa maji, ikapasuka na kumwaga vimeng'enya vilivyoyeyusha kila kitu. Katika seli za ua la zinia zilizokuzwa maabara, DNA ya kiini huteketea ndani ya dakika 10 hadi 20 baada ya vakuoli kupasuka. Kwa mnyama, seli jirani humeza maiti. Seli ya mmea imezungukwa na ukuta, haina wa kuimeza, basi hujimaliza yenyewe na kuacha bomba la kupitishia maji.

Nikawasimulia jeni mbili, VND6 na VND7. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba ukiziwasha jeni hizi katika seli za aina nyingine, nazo hugeuka mishipa ya maji. Jeni ile ile inayoamuru ukuta ujengwe ndiyo inayoandaa kifo. Hapo mimi husisimka kila mwaka.

Binti mmoja akauliza, "Kwani seli yajua kuwa inakufa?"

Nikamjibu, "Haijui, mwanangu." Jibu fupi mno kwa swali zuri vile. Nitalirudia kesho.

Saa saba. Swala, wali na samaki.

Saa kumi. Napita kwa fundi seremala, Langoni.

"Shikamoo, mzee. Naomba kipande cha boriti."

"Marahaba. Kidogo hivi wajengea nini?"

Nikalainisha ncha yake kwa wembe, nikampa lenzi. Akakiinua juani, akanyamaza kitambo.

"Miaka yote nakata mikoko," akasema, "sikuwahi kuyaona matundu haya."

Akanikatia na cha pili, cha darasani.