Nilivyoiongezea PostgreSQL lugha ya SQL/PSM

Taratibu nilizokuwa nazo, yaani programu ndogo zinazohifadhiwa na kuendeshwa ndani ya hifadhidata, zilikuwa zimeandikwa kwa SQL/PSM, lugha ambayo kiwango cha SQL kimeitengea sehemu yake tangu mwaka 1996. Kati ya mifumo ya hifadhidata, DB2 inaielewa, na MySQL imeifuata tangu toleo la 5.0. PostgreSQL, ambao nao ni mfumo wa hifadhidata, ina PL/pgSQL, iliyofuata mfano wa PL/SQL ya Oracle. Sikutaka kuandika upya kazi iliyokwisha kujaribiwa, nikaamua kuifundisha PostgreSQL lugha hiyo.

Kuanza hakukuwa kugumu. Hata PL/pgSQL yenyewe ni kiendelezi, yaani kipande kinachoongezwa juu ya mfumo. Amri ya kuongeza lugha, CREATE LANGUAGE, inadai funksheni moja tu, itakayoitwa kila utaratibu unapoendeshwa. Mwili wa utaratibu unakufikia kama maandishi matupu, kwa hiyo sarufi ni juu yako. Yangu niliitunga kwa Flex na Bison, zana za kutengenezea vichanganuzi vya lugha, na amri za SQL zilizomo nikazipitisha kwenye SPI, njia ya PostgreSQL ya kuendesha SQL kutoka ndani ya msimbo wake. IF, WHILE na REPEAT zilikubali mapema. SET ilihitaji uamuzi, kwa kuwa PSM huitumia kuweka thamani kwenye kigeu, ilhali PostgreSQL huitumia kubadilisha mipangilio. Nilikata shauri: jina lililotangazwa kwa DECLARE ni kigeu, lisilotangazwa ni kosa, na kosa hilo litolewe utaratibu unapoundwa, lisisubiri siku ya kuendeshwa.

Kilichonikalisha usiku ni handla, yaani maagizo ya nini kifanyike hali fulani, kama kosa, ikitokea. Tazama mstari huu:

DECLARE CONTINUE HANDLER FOR SQLEXCEPTION SET kosa = 1;

Maana yake, amri ikishindwa, kosa liwe 1, kisha kazi iendelee na amri inayofuata. Lakini PostgreSQL ikipata kosa huukataa muamala mzima (kundi la amri zinazofanikiwa au kufutwa pamoja) mpaka urudi mahali ulipoweka alama kabla ya kosa. Nikaizungushia kila amri muamala mdogo, yaani muamala ndani ya muamala, unaoweza kufutwa peke yake. Majibu yalikuwa sahihi, ila vitanzi virefu vilikuwa vizito mno: kila muamala mdogo unaoandika data huchukua namba yake, na zikizidi 64 ndani ya muamala mmoja, hata vikao vya watumiaji wengine huanza kupungua kasi.

Nafuu niliipata nilipousoma upya msimbo wa hali 02000, yaani NOT FOUND, ambao pia huwekewa handla. Huo si kosa! Hakuna kilichovunjika, amri imekosa safu tu. Kwa handla za namna hiyo, ambazo ndizo zilizojaa kwenye taratibu zangu, natazama idadi ya safu baada ya amri na basi. Muamala mdogo naufungua pale tu penye handla ya kosa la kweli.

Kwa handla ya EXIT, ambayo badala ya kuendelea na amri inayofuata hutoka kwenye bloku (kundi la amri) ilimotangazwa, nilidhani muamala mdogo mmoja kwa bloku nzima unatosha, kama PL/pgSQL inavyofanya kwa EXCEPTION, sehemu yake ya kukamata makosa. Jaribio likanikatalia. Niliingiza safu moja kwenye jedwali, nikagawanya kwa sifuri, handla ikafanya kazi, kisha nikahesabu safu: 0. Kwa mujibu wa kiwango cha SQL, EXIT huacha yaliyotangulia kosa yabaki. Kinachofuta kazi ya bloku yote ni aina nyingine ya handla, UNDO. Kumbe nilikuwa nimejenga UNDO na kuiita EXIT. Nikaihamishia UNDO muamala ule wa bloku, EXIT nikairudishia wa amri kwa amri, nikaendesha jaribio tena. Hesabu ikatoka 1.