Gari lilivyochemsha bwawani Jinja

Mshale wa joto ulianza kupanda tukiwa kwenye foleni ya kuvuka bwawa la Jinja, Desemba 2016. Daraja jipya la Nile lilikuwa bado linajengwa, likaja kufunguliwa Oktoba 2018, kwa hiyo malori yaliyotoka mpakani Malaba kwenda Kampala yalipita juu ya bwawa hilo la Nalubaale. Tunasogea hatua mbili, tunasimama. Nyuma alikaa mama na kikapu cha unga wa wimbi wa kumpikia uji dada yangu, aliyekuwa amejifungua Kampala.

Gari lilikuwa la marehemu baba, la Kijapani, la mwaka 1996. Baba alikuwa dereva wa jeshi. Kiswahili chetu cha nyumbani ni cha kambini. Akiendesha hakufungua redio. Alisema injini ndiyo inayozungumza, sisi tunyamaze.

Kwa miezi mitatu gari lile lilitusumbua kwa namna ile ile. Tororo hadi Iganga mshale umetulia katikati. Simama tu injini ikiwa inawaka, unapanda. Gereji ya kwanza ilitoa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ikaitupa, jambo ambalo mpaka leo naliona ni kosa, kwa sababu injini isiyo na thamostati inachelewa kupata moto na inakunywa mafuta. Ya pili ilibadilisha pampu ya maji, kisha ikaniambia gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, imeungua, nilete milioni moja na laki mbili. Pesa sikuwa nayo. Na hata ningekuwa nayo, ile injini baba hakuwahi kuiruhusu ifunguliwe na mtu.

Mshale ulipokaribia alama nyekundu, askari mmoja wa pale alitujia.

"Kijana, hapa hapasimamwi. Songa."

"Afande, gari linachemsha."

Aliinama akatazama ndani. "Washa hita mpaka mwisho. Fungua vioo vyote."

Hita ya gari inakula maji yale yale ya moto ya injini, kwa hiyo joto lilituhamia sisi. Mama alijipepea kwa leso bila kulalamika. Mshale ulishuka upana wa ukucha, tukavuka hivyo hivyo mpaka ng'ambo, Njeru, ambako mzee mmoja alikuwa na sanduku la spana chini ya mwembe.

Hakufungua boneti. Aliuliza kwanza: "Linachemsha likienda au likisimama?"

Miezi mitatu, na hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo.

"Likisimama, mzee."

"Basi likienda upepo wa barabara unaipoza rejeta. Likisimama linategemea feni. Gasketi ikiungua ingekutesa mlimani, ukiwa umebeba mzigo."

Nilinyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta, akaushika. Kifuniko kile kimeandikwa 0.9, na presha hiyo ndiyo inayoyazuia maji yasichemke. Kwa urefu wa Jinja, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Chini ya kifuniko yanapita 110 na bado yametulia. Ukifungua tu, yanakulipukia usoni. Tulikaa saa nzima. Kisha alifungua kwa kitambaa, akaongeza maji, akaniambia niwashe. Alitazama kama mapovu yanapanda: hakuna. Akavuta kijiti cha oili: safi, hakuna rangi ya chai ya maziwa, ile ya oili iliyoingiwa na maji. Gasketi ilikuwa nzima.

Kisha akachomoa waya wa swichi ya joto kwenye rejeta. Kwa gari kama letu, waya ule ukichomolewa feni lazima izunguke, hata injini ikiwa baridi. Haikuzunguka. Fyuzi nzima, umeme unafika. Akachukua bisibisi, akaigonga mota ya feni kwa mpini, taratibu, kama anayebisha mlango wa mgonjwa.

Feni ikazunguka.

"Kaboni," akasema.

Aliifungua mota juu ya gunia. Kaboni ni vile vipande viwili vyeusi vinavyosukumwa na springi ili viguse shaba inayozunguka na kuipitishia umeme. Kimoja kilikuwa kimebaki kama punje ya maharage. Cha pili kilikwisha kabisa, springi imekwaruza shaba. Mzee alimimina kopo la makaa, ndiyo kaboni, ya mota zilizokufa, akachagua mawili makubwa kidogo, akayasugua kwenye jiwe, anayapima kwenye nafasi yake, anasugua tena, mpaka yakateleza bila kukwama. Akasafisha shaba kwa msasa laini, akalehemu waya. Mota ikiwa nje, mimi nilikuwa nachokoa matundu ya rejeta: majani, vumbi, mabawa makavu ya senene.

Baadaye tuliiacha injini iungurume. Mshale ukafika katikati. Mzee aliinua kidole. Rilei, swichi inayoiwasha feni, ikalia tik, na feni ikavuma. Ikazima yenyewe. Ikavuma tena. Mara sita tulihesabu, gari likiwa limesimama juani.

Aliomba shilingi 40,000 na akanisisitiza ninunue thamostati Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kabla ya kurudi. Mama alimpimia vikombe viwili vya unga wa wimbi, hakutaka kusikia kwamba ni wa mzazi.

Foleni ya Nakawa ilitukamata giza limeingia. Magari mbele, magari nyuma, hakuna anayesogea. Nilizima redio, nikakodoa macho kwenye mshale. Ukafika katikati, ukasimama.

"Imewaka hiyo," akasema mama kutoka nyuma, na mimi nikidhani amelala.