Dubu kanipa mtihani

Nilisema siandiki kitu mpaka sanduku la vitabu la wifi yangu liishe kupangwa, lakini kuna maneno yamenikaa kooni tangu Ijumaa na nisipoyatoa hapa nitamsumbua nayo baba watoto, na yeye kishanambia basi, nimesikia, tulale. (Mdogo wangu kajifungua Jumanne, mtoto wa kike, Alhamdulillah, na paa la darasa la tatu limeng'olewa na upepo, hayo siku nyengine inshaallah.)

Sanduku mnalijua. Wifi kawakusanyia vitabu vya picha watoto wangu wa maandalizi, na karibu vyote ni vya ile miezi ya wazungu ya kutoka kwenye baridi, Machi Aprili, theluji inayeyuka, miti mikavu inatoa majani, vifaranga, kondoo wadogo wanaruka ruka. Na kwetu Machi ndo masika inaingia, kwa hiyo mie nasoma habari za jua linalorudi na nje mvua inapiga bati hata sauti yangu mwenyewe siisikii. Kusoma si kazi, kazi kuchagua. Vya sungura na mayai ya rangi, mambo ya Pasaka yao, nimeviweka pembeni, si kwa ubaya, ila najua swali la kwanza litakuwa sungura anataga vipi, halafu sungura wanaemjua hawa ni yule mjanja wa hadithi za bibi, hawezi kumpa mtu yai la bure. Kimoja mama anamwambia mtoto akalale na dirishani jua linawaka, nikakirudisha sandukuni. Najua London mchana wa Juni unafika urefu wa saa 16 na nusu na wa Disemba haufiki hata saa 8, aliyekiandika hajakosea, lakini sisi huku Pemba tuko digrii 5 tu kusini ya ikweta, mchana wetu mwaka mzima haupishani hata saa moja, sasa nani atakubali kwenda kulala magharibi haijaadhiniwa?

Kile cha kiwavi cha Eric Carle, cha tangu 1969, hakina mjadala, kina matundu kwenye kurasa na plamu hawajawahi kuiona lakini kidole kinaingia, basi yatosha. Na kimoja cha mbayuwayu wanarudi, watoto wa kizungu wanakimbilia uwanjani kuwapokea, hicho nimekipenda peke yangu kwa sababu zangu, maana mbayuwayu wao baridi ikiingia wanakimbilia Afrika na ikifika miezi hii wanatuaga, kwa hiyo wenzetu wanapokea na sisi tunasindikiza. Watoto hawakukijali hata kidogo.

Halafu dubu. Anaingia pangoni, theluji inaanguka, analala, unafunua kalala, unafunua kalala, mpaka mwisho maua yametoka anaamka. Kitabu kizuri, wallahi, michoro ya rangi ya maji. Alkhamis nikaanza kukisoma, mvua ikazidi, wazazi wakaanza kuja kuchukua watoto mapema, nikafunga dubu akiwa bado yumo usingizini.

Ijumaa asubuhi mama yake yule mdogo anaekaa karibu na dirisha kanisimamia getini, boflo kalificha ndani ya buibui lisirowe.

"Mwalimu samahani nakuweka. Mtoto jana hakula. Analia, ati dubu kafa."

Mie nikacheka. "Hajafa! Mwambie kalala tu, baridi ikisha ataamka."

Akasema, "Na babu yake tulimwambia hivyo hivyo. Kalala."

Na mie nikajibu "aa".

Aa tu. Yeye akaitikia kwa kichwa akaenda zake na boflo lake.

Sasa tangu hapo nalirudia. Hakusema kwa hasira, hilo ndo linalonisumbua, angekuwa na hasira ningejua pa kulishika. Alisema vile mtu anavyokwambia maji yamekatika. Alikuwa ananilaumu? Alikuwa ananiomba nisiendelee na kitabu? Au alikuwa anajisemea mwenyewe, kaambiwa neno "kalala" na mtu mwengine ndo kalisikia masikioni mwake kwa mara ya kwanza? Kuwa yule mzee kafariki nilijua, hitima nilikwenda nikala na pilau, lakini nani duniani angemuunganisha mzee wa watu na dubu wa kwenye kitabu? Mtoto wa miaka minne, ndo huyo. Na hesabu yake ukiitazama haina kasoro: babu kalala hakuamka, dubu kalala, basi. Napika nalirudia, nasahihisha madaftari nalirudia, hivyo hivyo, hivyo hivyo. Na kilichoniogopesha zaidi si kulia kwake. Nikimaliza kusoma dubu anaamka, akienda nyumbani akakaa mlangoni kumngojea babu, je?

Basi Jumatatu sikukigusa mpaka nilipomuona mama. Nikamuuliza, nisome nisisome? Kanitazama kama anashangaa mbona bado niko huko. "Msomee mwalimu. Usiku ule ule babake alimkalisha akamwambia, babu kafa, tumemzika, kufa si kulala. Kalia, kalala zake. Asubuhi anadai chai."

Nikafungua kitabu nikaanza tena mwanzo. Kabla sijafika popote huyo mdogo kasimama, kawageukia wenzake, kidole juu ya karatasi. "Huyu hajafa. Mtizameni puani." Kweli, mchoraji kaweka ule mvuke wa baridi, kidogo sana, mie mwenyewe sikuwa nimeuona. "Anapumua. Babu hapumui." Mwenzake wa nyuma: "Hapumui huyo, anavuta sigara!" Hapo darasa lilikwisha. Wanaume wote wa Chake Chake, mjini kwetu, wanaovuta sigara wakatajwa kwa majina ya watoto wao, na mie nimeshika kitabu machozi yananitoka kwa kucheka.

Wakitulia nikawaambia ya kweli, kwamba dubu akilala hivyo moyo unapiga polepole, miezi hali wala hanywi, na jike anazaa humo humo pangoni, akitoka anatoka na wanawe. Nilidhani watoto wa dubu ndo watawafurahisha. Wapi! Wanataka kujua choo anaenda wapi. Nikasema haendi. Hawakuniamini, na mmoja kanambia mwalimu muongo waziwazi, na aliyenitetea ni huyo huyo mdogo wangu wa dirishani, "haendi, kalala!"

Kitabu kinabaki kwenye kundi la vya kusoma. Wifi akiuliza kipi wamekipenda nitamwambia hicho, ila sababu sijui nitaiandika vipi kwenye WhatsApp.

"Aa" yangu bado inanichoma kidogo, sisemi uongo. Lakini leo kuna kubwa lake: Bi Mkubwa ana miadi ya jicho Unguja Jumatatu, upepo umeshaanza kugeuka kusi na boti keshasema hapandi, anataka ndege. Nauli ya ndege watu wawili, na mshahara bado haujaingia, na kaka zangu nikiwapigia simu wote ghafla wako kikaoni.