Kashe iliyonipa namba kamili nilipoomba desimali

Naandika klasi ya polinomia kwa Python, nikahitaji kashe, yaani hifadhi ya objekti zilizokwisha kuundwa. Ushauri niliopewa ulikuwa mwepesi: "Weka kamusi (`dict`), ufunguo uwe vigezo vya konstrukta, basi." Nilitaka polinomia zenye vizigeu vilevile (namba zinazozidisha vipeo vya x) ziwe objekti moja, ili `is`, inayouliza kama ni objekti ileile, itoshe nisilinganishe kizigeu kimoja kimoja.

Ikaanza vituko. Jaribio la desimali likiendeshwa peke yake linapita. Yakiendeshwa yote pamoja linaanguka. Nagawa `Polinomia((3.0, 1.0))` kwa 2, kizigeu cha kwanza kinatoka 1 badala ya 1.5. Nikipanga desimali zitangulie, linapita tena! Kumbe kwenye Python 3 == 3.0, na hashi zake, namba ambazo kamusi hutafutia ufunguo, ni sawa pia. Jaribio lililotangulia lilishaunda `Polinomia((3, 1))`, kamusi ikaona ufunguo ni uleule, ikanipa hiyo ya namba kamili, ambayo mimi huigawa kwa `//`, inayoshusha jibu hadi namba kamili. Hata `True` ingepita mlango huohuo wa 1.

Mshauri hakukata tamaa: "Tumia `lru_cache` yenye `typed=True`." Wapi! Hiyo kashe iliyo tayari ndani ya Python hukagua aina ya kigezo chenyewe, haichungulii ndani yake. Vizigeu vyangu vimo ndani ya mabano, kwa hiyo kwake zote mbili ni `tuple` tu.

Dawa nilitunga mwenyewe, na naionea fahari: ufunguo ni `(cls, tuple((type(c), c) for c in v))`, yaani klasi, kisha kila kizigeu pamoja na aina yake. Kwenye SageMath, programu ya hisabati inayotumia Python, anayetumia `UniqueRepresentation`, klasi yenye kashe kama hii, ana `__classcall__`, ambamo hunyoosha vigezo kabla kashe haijaulizwa. Orodha ya kawaida, kwa mfano, igeuzwe `tuple` hapo, maana haina hashi.

Kashe isikae kwenye `__new__`, inayounda objekti. Hata ukirudisha objekti ya zamani, Python huiendeshea `__init__`, inayoijaza, upya. Yangu iko kwenye `__call__` ya metaklasi (klasi ya klasi), inayoitwa kabla ya hizo zote mbili.

Kisha `copy.deepcopy`, inayonakili objekti, ikanitolea pacha: `==` kweli, `is` si kweli. Inapita pembeni ya metaklasi, na pickle, inayohifadhi objekti na kuirejesha, vilevile. `__reduce__`, inayozieleza jinsi ya kuunda objekti upya, nikaifanya irudishe klasi pamoja na vigezo vyake; ikamaliza ubishi, nikafuta `__eq__` yangu yote. Ile ya Python ya kulinganisha utambulisho inatosha, na ni ya haraka.

Kumbukumbu isijae, kamusi iwe `WeakValueDictionary`, inayoachia objekti isiyotumika tena. Ila klasi ikiwa na `__slots__` (orodha ya sifa zinazoruhusiwa), ongeza `__weakref__` humo, la sivyo itagoma.